Mbona Twashindwa kwa Pointi Mbili Tu?



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, tuliikuta baraza yetu imejaa kuliko ada yake. Muuza kahawa alikuwa amemaliza dele la kwanza na anapulizia makaa kwa ajili ya la pili. Tulidhani pana habari ya msiba, au labda ya posa. Kumbe ni mpira wa kikapu. Timu ya vijana wa mtaa wetu ilikuwa imeshindwa tena, kwa pointi mbili, nayo ilikuwa mara ya nne katika msimu huu kushindwa kwa tofauti isiyozidi pointi tatu. Timu ikifungwa kwa pointi 30, watu huenda zao wakalala. Ikifungwa kwa pointi mbili, hapana alalaye.

Kila mtu alikuwa na ilimu yake. Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, alishikilia kwamba ni waamuzi, na kwamba mtaa wetu haujawahi kupendwa na mpuliza kipenga yeyote tangu enzi za ujana wake. Fundi wa simu alisema ni kocha, kwa kuwa huomba mapumziko pasipo haja na huyakosa penye haja. Dereva wa tuktuk, ambaye kwa kweli alizungumza kwa mantiki kuliko wote, alisema vijana hawana pumzi: hula viazi vya karai na mahamri saa moja kabla ya mechi, kisha robo ya nne ikiingia miguu ni ya mawe. Wengine walitaja saruji ya uwanja, wengine upepo wa kusi, na mmoja alitaja jicho baya.

Hatimaye kijana mmoja akakata maneno yote. "Sheikh, hakuna fumbo hapa. Ni yule. Yule ana mkosi." Akamtaja kwa jina. Huyo ndiye aliyesimama kwenye mstari wa mitupo huru zikiwa zimebaki sekunde chache, timu iko nyuma kwa pointi mbili, akakosa mtupo wa kwanza na akakosa wa pili.

Hapa inatubidi tuungame. Badala ya kunyamaza, nasi tukatia neno letu. Tulisema kwamba huenda mkono wa kijana huyo ulizaliwa msimu wa baridi. Baraza ikacheka, na tukafurahi kwamba tumechekesha. Mtu wa makamo yetu akichekesha vijana hujiona bado yumo.

Siku ya tatu mjomba wake kijana akatujia nyumbani baada ya alasiri. Hakuja na ghadhabu; laiti angekuja nayo, ingekuwa nafuu. Alikunywa maji, akauliza hali ya watoto, kisha akasema: "Sheikh, kijana wangu hapiti tena barazani. Huzunguka kichochoro cha nyuma, kwenye maji machafu, apate kufika dukani. Darsa ya jioni haji. Na uwanjani haendi." Hakusema zaidi. Maneno yetu ya msimu wa baridi alikuwa ameyasikia, maana mtaa wetu ni mdogo, lakini hakuyataja.

Basi tukaamua kufanya lile ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa. Tulimwendea kijana anayeweka karatasi za alama, tukaomba atuazime zile za mechi nne. Sisi tuliosomeshwa mirathi juu ya mkeka, tukigawa thumuni na sudusi kwa kalamu ya mwanzi, hatuogopi visehemu. Tulikaa nazo usiku kucha.

Tuanze na bahati, kwa kuwa ndiyo inayochukiwa zaidi na wachambuzi. Mechi inayomalizika kwa pointi moja au mbili inakaribia sana kurusha shilingi. Mpira unagonga chuma, unazunguka, unaingia au unatoka. Upana wa unyoya tu ndio unaotenganisha shangwe na kilio. Sasa rusha shilingi mara nne: uwezekano wa kuangukia upande mmoja unaoutaja, mara zote nne, ni moja katika 16. Ni dogo, lakini si la ajabu. Zikiwapo timu 16, kila moja ikicheza mechi nne za namna hiyo, si neno la kushangaza moja wapo ikazipoteza zote. Na timu hiyo itakuwa na baraza, na baraza hiyo itatafuta mchawi.

Ya pili ni hesabu ya mstari wa mitupo huru. Mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, na chuma kiko mita 3.05 kutoka ardhini. Hapana anayekuzuia, hapana anayekusukuma. Kwa hiyo mtazamaji huhisi kwamba kukosa ni aibu. Lakini tuchukue mchezaji mzuri, anayetia 7 katika kila 10. Uwezekano wa kutia zote mbili ni 7 mara 7, yaani 49 katika 100. Maana yake ni kwamba mchezaji huyo mzuri, akienda kwenye mstari kwa mitupo miwili, mara nyingi zaidi atakosa angalau mmoja. Na mara 9 katika 100 atakosa yote miwili, pasipo mkosi, pasipo jicho, pasipo baridi. Tulipoifikia hesabu hii, saa nane za usiku, tulijiona wadogo.

Kisha tukazisoma karatasi zenyewe. Mechi nne tulizipoteza kwa jumla ya pointi 8. Katika mechi hizo timu nzima ilikosa mitupo huru 45. Yule kijana, katika hiyo 45, alikosa 6. Mechi ya mwisho ilimalizika 53 kwa 51, na katika zile 51, pointi 19 ni za mkono wake. Mitupo 8 ilikosewa kabla ya mapumziko ya kati, na wachezaji wengine, wakati baadhi yetu tulikuwa tumewapa uwanja mgongo tunanunua kashata. Hapana aliyeihesabu. Pointi ya dakika ya tatu ina uzito uleule wa pointi ya dakika ya 40, ila ya dakika ya tatu haina mashahidi. Wazee wetu walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Ng'ombe alikwisha kuchinjwa na kuliwa na wengi, lakini ngozi imekutwa kwa huyu wa mwisho.

Nyumbani kwetu yuko mpwa wetu afuatiliaye mpira wa kikapu wa Marekani kuliko anavyofuatilia masomo yake, na Mola atamwongoza. Kwa muda mrefu amekuwa akitueleza habari za mji wa Sacramento, katika jimbo la California, nasi tukimsikiliza kwa sikio moja. Safari hii tulimwomba aanze upya.

Mwaka 2002 timu ya Sacramento Kings ilikuwa bora kuliko zote katika ligi ya NBA. Ilishinda mechi 61 na kushindwa 21. Kocha wake alikuwa Rick Adelman, na uwanjani walikuwapo Chris Webber, Vlade Divac, Mike Bibby na Peja Stojakovic. Watu wa mji ule walikuwa wakiingia uwanjani na kengele za ng'ombe, kwa sababu Phil Jackson, kocha wa Los Angeles Lakers, aliwahi kuufanyia mji wao kejeli kwamba ni mji wa ng'ombe. Wao wakaichukua kejeli wakaifanya ngoma. Timu hizo mbili zilikutana katika fainali ya upande wa Magharibi, mshindi akiwa yule atakayetangulia kushinda mechi nne.

Kings walikuwa wakiongoza mechi mbili kwa moja. Katika mechi ya nne, tarehe 26 Mei, waliongoza hadi kwa pointi 24, nayo ilikuwa ugenini. Uongozi ule ukayeyuka pole pole kama barafu kwenye gudulia. Mwisho wake Kings walikuwa 99, Lakers 97. Kobe Bryant akatupa, akakosa. Shaquille O'Neal akaudaka na kutupa, akakosa. Divac, ili kuumaliza wakati, akaupiga mpira mbali na kikapu kwa kiganja chake. Ukadunda hadi kwa Robert Horry, aliyekuwa amesimama peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu. Akatupa, saa ikalia mpira ungali hewani, ukaingia. 100 kwa 99.

Sasa, uliza ni nani aliyeshindwa siku ile. Wengi watasema Divac, kwa kuupeleka mpira kwa Horry. Lakini alichofanya ndicho mlinzi yeyote angefanya. Mpira ungeweza kwenda pande nyingine zote. Wengine watasema ni mtupo huru mmoja ambao Divac huyo huyo aliukosa sekunde chache kabla. Lakini je, wajua kwamba mwishoni mwa nusu ya kwanza Samaki Walker wa Lakers alitupa mpira kutoka mbali, ukaingia, ukahesabiwa pointi tatu, na picha zilionyesha kwamba muda ulikuwa umekwisha na mpira ungali mkononi mwake? Waamuzi wakati ule hawakuruhusiwa kutazama picha. Ligi iliweka sheria ya kutazama picha za mitupo ya namna hiyo msimu uliofuata. (Ndiyo, jina lake ni Samaki, na mpwa wetu hucheka kila anapolitaja.) Pointi tatu za mapumziko, katika mechi iliyopotezwa kwa pointi moja! Na tukiacha hizo, wako wapi waliouacha uongozi wa pointi 24 uyeyuke? Hao ni wote.

Mechi ya tano Kings wakashinda, 92 kwa 91, kwa mtupo wa Bibby zikiwa zimebaki sekunde chache. Tunaitaja kwa makusudi, maana baraza husahau zile chache tulizoponea. Shilingi iliangukia upande wao siku hiyo, na hapana aliyeitwa mwenye mkosi.

Mechi ya sita ndiyo iliyowachoma watu wa Sacramento hadi leo. Lakers walishinda 106 kwa 102, na katika robo ya nne peke yake walipewa mitupo huru 27. Kelele zake zilifika mbali. Mwanaharakati Ralph Nader alimwandikia barua mkuu wa ligi, David Stern, akilalamikia uamuzi wa usiku ule. Miaka sita baadaye, mwaka 2008, Tim Donaghy, mwamuzi wa zamani aliyekuwa amekiri makosa katika kesi ya kamari, alidai kupitia wakili wake kwamba mechi ile haikuchezeshwa kwa haki. Yeye mwenyewe hakuichezesha, na ligi ilikana. Donaghy alihukumiwa kifungo cha miezi 15 kwa makosa yake yeye. Sisi hatuna la kuamua katika mas-ala hayo. Tunasema tu kwamba mzee wetu mstaafu wa bandarini ana wenzake ng'ambo ya bahari, na kwamba si kila anayelalamikia mwamuzi ni mwongo.

Lakini fuata mpaka mwisho. Ilibaki mechi ya saba, tarehe 2 Juni, na hiyo ilichezwa Sacramento, kengele zikilia. Bibby alisimama kwenye mstari zikiwa zimebaki sekunde kama nane, timu yake iko nyuma kwa pointi mbili, akatia yote miwili: 100 kwa 100. Ikaenda muda wa ziada, na Lakers wakashinda 112 kwa 106. Tazama karatasi ya alama ya siku ile. Kings walipata mitupo huru 30, wakatia 16. Kumi na minne ilipotea, nyumbani kwao, bila mtu kuwazuia. Mitupo ya pointi tatu walijaribu 20, wakatia 2. Stojakovic, aliyekuwa akiuguza kifundo cha mguu, alipata nafasi wazi kabisa mwishoni na mpira wake haukugusa hata chuma. Huyo alikuwa miongoni mwa watupaji hodari wa dunia nzima.

Mashabiki wa mji ule wakikutana huzungumza waamuzi wa mechi ya sita, na huzungumza Horry. Habari za ile mitupo 14 huzipita haraka. Hatuwacheki. Kosa la mwingine lina uso na kipenga. Kosa letu limetawanyika kwa watu wanane, katika dakika 53, na ni kazi ya kuchosha kulikusanya.

Kuna hadithi ya pili ambayo mpwa wetu aliisitasita kuisema, na ndiyo iliyotupeleka kichochoroni.

Mwaka 1995 timu ya Orlando Magic ilikutana na Houston Rockets katika fainali. Rockets ndiyo timu ya Hakeem Olajuwon, mwana wa Lagos, ambaye wasomaji wetu wa rika la makamo watamkumbuka kwa sababu alikuwa akifunga Ramadhani na kucheza, na akicheza vizuri. Mechi ya kwanza ilikuwa Orlando. Wenyeji waliongoza hadi kwa pointi 20, kisha ukawa ule ule wimbo wa barafu. Zikiwa zimebaki sekunde kama kumi, Orlando walikuwa mbele kwa pointi tatu, na Nick Anderson akawekwa kwenye mstari. Akakosa. Akakosa wa pili. Mpira ukarudi, akaudaka mwenyewe, akafanyiwa faulo tena, akarejea mstarini. Akakosa wa tatu. Akakosa wa nne. Upande wa pili Kenny Smith akatupa ya pointi tatu, akasawazisha, na katika muda wa ziada Olajuwon akausukuma mpira ndani kwa ncha za vidole muda ukiwa unakatika: 120 kwa 118. Orlando hawakushinda hata mechi moja ya fainali ile.

Anderson kabla ya usiku ule alikuwa akitia mitupo huru takriban 70 katika 100. Msimu uliofuata alikuwa bado karibu na hapo. Lakini msimu wa 1996-97 alishuka hadi takriban 40 katika 100. Mkono uleule, mstari uleule, mita zilezile. Mwili haukuumia kiasi hicho. Kilichoumia ni kile kinachoutuma mwili, na kiliumia kidogo kidogo, kila uwanja wa ugenini ulipomzomea na kumkumbusha. Mitupo minne ilipotea kwa sekunde chache; ile iliyopotea baadaye ilipotezwa na watu waliokaa kwenye viti.

Tulipofika hapo tulimwendea kocha wa timu yetu, mtu mpole anayeuza vipuri mchana, tukamwonyesha jambo jingine tulilolikuta katika karatasi. Mechi zote nne, katika dakika mbili za mwisho, mitupo karibu yote ilikuwa ya kijana yule mmoja. Wapinzani si wajinga. Ukijua mpira utakwenda kwa nani, umemaliza nusu ya kazi ya kuzuia. Kadhalika tulimwonyesha kwamba katika robo ya nne vijana wetu hufikisha faulo ya tano mapema sana, na kanuni ya kimataifa ni kwamba timu ikishamaliza faulo nne katika robo, kila faulo inayofuata humpeleka mpinzani mstarini kwa mitupo miwili. Tunawapa watu pointi saa ikiwa imesimama. Hilo alilikubali papo hapo na kusema atalirekebisha, kwa kuwa lina dawa: miguu badala ya mikono, na pumzi. (Tulimfikishia ujumbe wa dereva wa tuktuk kuhusu viazi vya karai. Akacheka, akasema ni kweli.)

Lakini kuhusu lile la kijana mmoja kubebeshwa mpira, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Sheikh, si mimi ninayempa. Nimechora mipango mitatu tofauti. Saa ikikaribia kwisha, wenzake wanajificha nyuma ya mabeki. Hawautaki mpira. Wanaogopa baraza."

Tulimwomba arudie, ingawa tulikuwa tumesikia.

"Wanaogopa baraza, Sheikh. Anayekosa robo ya kwanza hulala usingizi wake. Anayekosa mwisho huimbwa mpaka mechi nyingine. Yeye peke yake ndiye alikuwa haogopi. Sasa naye mmemwogopesha."

Alitumia "mmem-", wingi, na sisi tukiwa tumekaa mbele yake peke yetu.

Hatusemi kwamba mashabiki wasichambue. Uchambuzi ni haki ya mtu aliyesimama juani saa mbili. Mzee aendelee na waamuzi wake, fundi wa simu aendelee na kocha. Kocha ni mtu mzima na ana mabega ya kubebea. Hata upepo wa kusi una nafasi yake. Lakini mchambuzi ana karatasi mkononi, na asiye na karatasi basi angalau akumbuke robo ya kwanza. Tena wapo waliopiga kelele zaidi ya wote usiku ule, na tumepata kujua kwamba walikuwa wamewekeana dau. Hukumu ya kamari wanaijua, tuliwasomesha wenyewe. Tunaongeza hili tu: aliyetia pesa si mchambuzi tena, ni mdai, na mdai humtafuta mtu wa kumkamata kanzu.

Siku ya Alkhamisi tulipita kichochoro cha nyuma, kwenye yale maji, tukiwa tumeinua kanzu. Kijana alitufungulia mlango mwenyewe. Akatusalimu, akatubusu mkono, kama kwamba hatukumfanyia lolote, na hilo ndilo lililotufanya tushindwe kuanza. Tulimwomba radhi kwa neno la baridi, mbele ya mamake, kwa sababu lilisemwa mbele ya watu. Mama aligeuka upande wa jiko. Kijana alitazama chini, akasema, "Yamekwisha, Sheikh," kwa sauti ya mtu ambaye bado hayajamwishia.

Tukamtolea zile karatasi. Tukamwonyesha 45, na 6, na 19. Tukamwonyesha ile 49 katika 100. Aliishika karatasi ya mwisho muda mrefu. Kisha tukamsimulia Anderson, na tulisita kabla ya kusimulia, tukichelea kumwongezea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Na alirudi?"

Tukamjibu kwa ukweli tulioupata kwa mpwa wetu. Msimu uliofuata mkono ulirejea kiasi, ukapita 60 katika 100, ingawa haukudumu kuwa kama ule wa mwanzo. Alicheza katika ligi ile mpaka 2002. Tena kwa miaka miwili alivaa jezi ya Sacramento hiyo hiyo, akaondoka mwaka mmoja kabla ya ile mitupo 14, katika mabadilishano yaliyomleta Mike Bibby. Kijana alitabasamu kwa hilo la mwisho.

"Basi nitahitaji mtu wa kunirudishia mpira," akasema.

Jumamosi baada ya alasiri uwanja ulikuwa mtupu, saruji ingali na joto. Tulikunja kanzu, tukavua viatu, tukasimama chini ya chuma. Mikono yetu imezoea tasbihi na chaki, na mpira wa kwanza ulitupita ukaenda mpaka ukutani. Tukaufuata. Watoto wawili walikuja kutazama, kisha dereva wa tuktuk akasimamisha chombo chake kando ya barabara, hakusema neno. Katika 10 za mwanzo kijana alitia 6. Tuliziandika, tukamrudishia mpira.